Simu Iliyokatiza Wakubwa

Pale ofisini kwetu, ghorofa ya sita, jina lake la kwenye kitambulisho hakuna aliyelitumia. Tulimwita Nukta. Sababu ilikuwa ujumbe wake: ukimwandikia mistari kumi kwenye kompyuta, yeye anakujibu "Sawa." au "Bado." au "Hapana.", neno moja na nukta mwishoni. Ilikuwa hivyo hivyo hata kama mmekaa meza moja, goti kwa goti. Nukta ana kigugumizi, na alikuwa amejifunza kuishi nacho kama mtu mwenye mlango mbovu anayeamua kupita dirishani siku zote. Mkahawani alinyoosha kidole. Kwenye lifti alijifanya anasoma simu. Kwenye vikao aliandika maoni yake, sisi tukamsomea, na tulijiona watu wema kweli kweli.

Mimi kazi yangu ilikuwa kujaribu. Wenzangu wanatengeneza, mimi naharibu. Nabonyeza, navuruga, nauliza maswali ya kijinga mpaka programu ikiri kosa lake. Nilikaa meza ya jirani na Nukta miaka minne, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona. Yale ambayo sikuyaona nilisimuliwa na mama yake, na yeye akianza kusimulia, ushike mbavu mapema.

Mwaka ule timu yetu ilikuwa inatengeneza msaidizi wa sauti: unaiambia simu jambo kwa Kiswahili, nayo inalitenda. Mpigie fulani. Niamshe saa kumi na moja. Ongeza sauti ya redio. Kampuni ni kubwa, majengo manne, kwa hiyo kila mtu alikuwa na kipande chake kidogo cha kazi. Kipande cha Nukta kilikuwa kuamua kwamba mtu amemaliza kusema. Simu haina macho ya kumsoma mtu usoni. Lazima ifundishwe lini iache kusikiliza na ianze kutenda. Nukta aliiwekea kipimo cha kimya. Ukinyamaza kwa muda usiofika hata sekunde moja, basi, umemaliza.

Meneja wetu, mama mmoja mwepesi wa miguu na wa maamuzi, alikipenda kipande hicho kuliko vyote. "Simu za wenzetu zinazubaa," aliwaambia wageni. "Yetu haizubai. Funga mdomo tu, imeshaondoka!" Kisha anampiga Nukta begani, Nukta anatabasamu, yamekwisha.

Zilipobaki wiki nne kabla ya kuitoa bidhaa, kila mmoja wetu akapewa simu ya majaribio ampelekee mtu wa nyumbani aitumie wiki nzima. Nukta akampelekea mama yake.

Mama huyo ni fundi cherehani. Mikono yake haina nafasi kutwa, mmoja umeshika kitambaa, mwingine unakisukuma chini ya sindano, kwa hiyo simu ya kuamrishwa kwa mdomo ilimfaa kuliko mtu yeyote. Naye ana kigugumizi, tena kikali kuliko cha mwanawe, ila yeye hakukipa heshima hata siku moja. Anabishana na wauza vitambaa, anapiga soga na wateja, anasimulia kisa cha watu watatu kwa sauti tatu. Neno likikwama, limekwama. Watu wanangoja, maana wanajua likitoka litakuwa tamu.

Jumatatu asubuhi akataka kuzungumza na mdogo wake, ambaye Nukta humwita mama mdogo. Akaiambia simu, "Mpigie m-m-m..."

Simu ikaita. Akapokea muuza vifungo.

Ilikuwa imesikia "mpigie m", ikaona kimya, ikachagua jina la M linalopigiwa zaidi, ikaondoka. Kama alivyosema Meneja, haizubai. Mama akaomba radhi, akakata, akajaribu tena. Muuza vifungo. Alasiri, muuza vifungo. Alipompigia mara ya tano siku hiyo hiyo, yule mzee, ambaye ni mjane, akalainisha sauti. "Mama Fundi," akasema, "kama una neno moyoni, litoe tu. Mimi nasikiliza."

"N-neno ninalo," mama akamjibu, "lakini si lako, ni la hii simu!"

Akaigeukia. "Wewe! Ngoja nim-m-m..."

"Samahani, sijaelewa," ikasema simu.

"Utaelewaje na huja-ja-ja..."

"Samahani, sijaelewa."

Mwingine angeitupa kabatini. Mama akakumbuka ujanja wake wa utotoni. Wenye kigugumizi wengi wakiimba hawakwami, na yeye zamani, mwalimu akiita majina darasani, aliitikia kwa wimbo. Mara ya kwanza mwalimu alikasirika, mara ya pili akanuna, mara ya tatu akaitikia kiitikio. Basi mama akavuta pumzi, akaiimbia simu: "Mpigie mdogo wangu eee, mdogo wangu wa mwisho!" Ikampigia papo hapo.

Wiki nzima ikawa ni kuimba. Aliimba kuuliza saa, aliimba kuweka kengele, aliimba kupunguza redio. Wateja wakaanza kuulizana fundi amepatwa na nini. Wawili watatu waliokuwa wamemwona muuza vifungo akipita pale mara mbili kwa siku, shati limenyooka kwa pasi, wakajijibu wenyewe.

Jumamosi mchana Nukta akaenda kumsalimia. Tangu mlangoni akasikia sauti ya mama yake: "Hesabu dakika kumi eee, sufuria iko motoni!"

"Shikamoo, mama. Leo kuna sherehe gani?" Nyumbani kwao Nukta alikuwa anaongea, anakwama, lakini anaongea.

"Marahaba, baba. Hakuna sherehe. Hii simu yenu haina adabu, inakatiza wakubwa. Nisipoimba hainisikilizi. Hebu niambie, n-n-nani aliyeilea?"

Nukta akakaa kwenye kiti cha wateja. Akaomba amwonyeshe. Mama akaacha kuimba, akasema na simu kama anavyosema na watu wote, nayo ikamkata mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kila ilipokata alijua ni mstari upi wa programu uliofanya hivyo, maana aliuandika kwa mkono wake.

"Ni m-m-mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"N-nimeilea mimi. Hicho k-kipande cha kukatiza, ndicho kazi yangu."

Mama alimwangalia. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka akashikilia meza ya cherehani, mkasi ukaanguka. "Kinyozi hajinyoi! Mwanangu mwenyewe! Yaani hukuijaribu kwa m-mdomo wako, hata mara moja?"

Hakuwa ameijaribu. Aliijaribu kwa sauti za watu wengine zilizorekodiwa, maelfu kwa maelfu, wote wanatiririka kama maji ya bomba. Pale ofisini hakuwahi kuisemesha, kwa sababu wenzake wangemsikia.

Mama akaacha kucheka. Akaketi karibu naye, akamshika goti. "Sikiliza. Kigugumizi umekirithi kwangu, nakubali, na mimi nimekirithi kwa babu yako. Lakini hiyo aibu umeitoa wapi? M-m-mimi sikukupa. Mficha uchi hazai, baba. Sasa angalia, umejificha vizuri mpaka na simu haikujua kama upo."

Nukta akainama, akauokota mkasi. Lakini Jumatatu alikuja moja kwa moja mezani kwangu. Sikupata ujumbe wa "Njoo." wala "Tazama." Alisimama, akafungua mdomo, na mimi, kwa tabia yangu mbaya ya miaka minne, nikamrukia: "Unataka maji? Chaja? Ripoti ya Ijumaa?"

Akainua kiganja. "N-n-naomba," akasema, akapumua, "tuijaribu kwa s-s-sauti yangu."

Nadhani hilo lilikuwa neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia. Tulikwenda kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia, chenye kuta za sponji, ambamo hata kukohoa kwako kunasikika kama kwa mtu mwingine. Akatoa amri arobaini. Simu ikamkatiza mara thelathini na moja. Nilikuwa naandika alama kwenye karatasi, na kila alama niliyoandika nilizidi kujisikia vibaya. Sikuilaumu simu. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo ni mara ngapi mimi nilimmalizia huyu mtu sentensi zake, tena kwa neno ambalo si lake.

Halafu kukawa na jambo baya zaidi, na hili ni langu. Kwenye kompyuta zetu kulikuwa na folda iitwayo "Sauti chafu". Humo nilikuwa natupa sauti zilizorekodiwa ambazo mwongozo ulisema hazifai: mtu akinyamaza kwa muda mrefu katikati ya sentensi, nje. Akirudia silabi, nje. Nilizitupa kwa mwaka mzima huku nakunywa chai. Siku ile tulikaa tukazifungua. Kulikuwa na wenye kigugumizi, ndiyo. Kulikuwa pia na mzee aliyekuwa anatafuta jina la mjukuu wake, anachekea kusahau kwake. Mwanamke aliyepatwa na kiharusi, anayesema neno moja moja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mtu aliyejifunza Kiswahili ukubwani, anayesimama kabla ya kila kitenzi kukipanga. Mama mwenye mtoto mchanga anayelia, anaanza, anambembeleza, anaanza upya. Nilizihesabu. Katika kila watu kumi tuliowarekodi, karibu wawili walikuwa kwenye folda ile.

"Hawa wote," nikasema, "niliwaita uchafu."

"M-mimi niliandika mwongozo," Nukta akasema. Tukaangaliana, wachafuzi wawili.

Kikao na Meneja kilikuwa Jumatano, watu kumi na wawili kwenye meza ndefu. Mimi nilieleza tarakimu. Meneja alisikiliza, uso ukabadilika, maana si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka tu. Na kama ilivyo kawaida yake, akatoa dawa kabla mgonjwa hajamaliza kueleza ugonjwa. "Turefushe kusubiri. Sekunde tatu."

"Tumejaribu," nikasema. "Ukisema 'zima taa', taa inabaki inawaka mpaka—"

"Bado mna mwanga, basi," akadakia mmoja, watu wakacheka.

"Mwanga mnao, subira hamna," nikamjibu. "Kila mtu atalalamika."

"Basi tuweke kitufe," Meneja akasema. "Kwenye mipangilio, ndani huko. Mwenye shida anakibonyeza, simu inamngoja. Wengine wanaendelea. Tumemaliza?"

"H-h-ha..."

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia sauti ya Nukta kikaoni. Na wote, kwa wema ule ule niliokuwa nao mimi, wakaanza kumsaidia: "Haiwezekani?" "Haraka mno?" "Hasara?"

Nukta akainua kiganja kama alivyoniinulia mimi. "N-n-ngojeni," akasema. "Ha-ha-hapana."

Wakangoja. Nakuambia, kilikuwa kimya kigumu. Watu wazima wenye shahada zao hawakujua waweke wapi macho. Nukta akaendelea. Lilikuwa jambo la dakika moja, akalisema kwa dakika nne, na hakuna aliyegusa simu yake. Alisema kitufe kimefichwa ndani huko watakipata wale wanaokitafuta, na mtu aliyezoea kukatizwa hatafuti kitufe, anaacha tu kusema. Yeye mwenyewe aliacha. Alisema mama yake anaimba ili asikilizwe na simu iliyotengenezwa na mwanawe. Hapo watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, kisha akatulia. Akasema simu ilikuwa inajiuliza swali baya. Inauliza, huyu amenyamaza? Ingeuliza, huyu amemaliza? "Ukisikia 'mpigie', hata ka-ka-kama kuna kimya, mtu hajamaliza. Nimpigie nani? Ukisikia 'niamshe saa', saa ngapi? Mtoto mdogo anajua hapo bado. Na ukisikia 'zima taa', ungoje nini tena? N-nenda."

Meneja alikuwa ameweka kalamu mezani. "Unahitaji wiki ngapi?"

"T-t-tatu."

"Nakupa mbili."

"T-t-tatu."

"Nukta, nimesikia, lakini—"

"Nimesema tatu. Hicho si k-kigugumizi, ni j-jibu."

Chumba kizima kilipasuka kwa kicheko, Meneja wa kwanza. Akapewa tatu.

Tukaanza kwa kuitoa ile folda gizani. Zile sauti nilizozitupa ndizo zikawa mwalimu wa simu. Lakini hazikutosha, kwa hiyo tukaalika watu waje kwenye chumba cha sponji, watusemeshee simu mbele yetu. Alikuja mwalimu mstaafu aliyepatwa na kiharusi. Akaja dereva wa lori mwenye kigugumizi, aliyesema ni mara yake ya kwanza kuitwa mahali popote kwa sababu ya kuongea. Na akaja mama yake Nukta, amevaa gauni jipya, akipita kwenye milango inayojifungua yenyewe huku akiuambia asante kila mlango.

Alipoingia kile chumba alipapasa ukuta. "Nani aliyewash-sh-shonea hii sponji? Mshono umekwenda kombo." Kisha akakaa, akatuangalia tuliokuwa tumejipanga na karatasi zetu. Mmoja wa vijana wa timu akawa anatikisa kichwa haraka haraka kila mama anapokwama, kama kumsukuma mbele. Mama akaacha simu, akamgeukia. "Mwanangu, usinitikisie kichwa kama mjusi. N-n-nafika. Ukinisukuma nitakwenda njia ya mbali." Kijana akaganda, na tangu siku ile neno "mjusi" likawa onyo rasmi kwenye timu yetu. Ukianza kumharakisha mtu, unasikia tu kutoka nyuma: mjusi!

Wiki ya kwanza tulishindwa vibaya. Simu ilizidisha adabu. Ulisema "ongeza sauti" ikakaa inangoja, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hanyanyuki. Wiki ya pili ikarudia kukata, ila kwa wachache. Nukta alikuwa anafanya kazi tofauti na zamani. Badala ya kuandika kimya kimya, alikuwa anaisemesha simu kutwa nzima, pale pale mezani, kwa sauti, akikwama na kuendelea, akikwama na kuitukana kidogo. Siku za mwanzo watu walijifanya hawasikii. Siku ya nne wakawa wanapiga makofi ikipatia.

Mwisho wa wiki ya tatu tulirudi kwenye chumba cha sponji na karatasi yangu ile ile ya amri arobaini. Nukta akasema zote. Simu ikamkatiza mara nne. Nilihesabu tena, nikahesabu kwa kidole. Nne. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kwa wale wanaotiririka, simu ilikuwa nyepesi zaidi kuliko mwanzo. Ukishasema "zima taa", sentensi imetimia, haina haja ya kupima kimya chako. Nilipompelekea Meneja tarakimu, alizisoma amesimama, akaketi, akazisoma tena.

"Yaani tumewangoja wachache, tukapata kasi kwa wote?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilitaka kuwawekea kitufe."

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu kazi yangu ni kusema ukweli kuhusu makosa.

Bidhaa ilitoka ikiwa imechelewa wiki moja. Wakubwa wa juu walipouliza nani amechelewesha, Meneja alisema ni yeye, na akaongeza kwamba angechelewesha tena. Mwongozo wa kurekodi ukaandikwa upya. Sasa hakuna sauti inayotupwa kwa kosa la mwenye nayo kusema polepole, na mtu akitaka kuitupa lazima aeleze sababu kwa maandishi, tena kwangu. Dereva wa lori na mwalimu mstaafu wanakuja kila tunapoanza kutengeneza kitu kipya, kabla hatujakosea, si baada. Mama yake Nukta naye huja, lakini yeye anataka arifiwe siku tatu mapema, kwa sababu siku hizi alasiri zake zina mwenyewe. Hatujauliza ni nani. Tumeona tu vifungo vya gauni lake, vya kila rangi, na vimekuwa vingi kuliko matundu.

Na Nukta? Tatizo letu sasa ni kumnyamazisha. Kumbe mtu huyu miaka yote alikuwa na maoni juu ya kila kitu: rangi ya ukuta, chai ya mkahawani, namna ninavyoandika ripoti, na zaidi ya yote mpira. Jumatatu asubuhi anaanza kuchambua mechi ya jana tangu kwenye lifti, dakika kwa dakika, kosa kwa kosa la mwamuzi. Kikao cha saa tatu hakianzi mpaka afike dakika ya tisini. Meneja anaangalia saa yake, anakunja uso, anangoja.

Wiki iliyopita mechi ilikwenda mpaka muda wa nyongeza na penalti. Tukaanza kikao saa nne kasoro robo.